Bodi ikijizima, tusikimbilie draiva

Mtu ananunua adapta ya USB-seriali (kiungo kati ya kompyuta na bodi), ile nyekundu ndogo yenye chipu ya FT232RL, anaiunganisha na ESP-01, bodi ndogo ya Wi-Fi yenye chipu ya ESP8266, ili aipakie programu. Taa inawaka. Wi-Fi ikianza tu, bodi inajizima na kujiwasha upya, tena na tena. Basi anafuta draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na adapta, anaweka nyingine, anaazima laptopu ya jirani, mwisho anaapa kwamba chipu ni feki. Huenda ni feki kweli, maana feki zimejaa sokoni. Mimi huanza na umeme, na mara nyingi kesi huishia hapo hapo.

Hesabu yenyewe haihitaji shahada. Kwenye adapta nyingi za aina hiyo, pini ya volti 3.3 inalishwa na chipu ya adapta yenyewe, na kikomo chake ni miliampia 50. ESP8266 ikirusha mawimbi ya Wi-Fi huvuta kama 170, na watengenezaji wake, Espressif, wanashauri chanzo kinachomudu 500. Programu ya kuwasha na kuzima taa itaenda vizuri kwa sababu haigusi redio. Ya kuunganisha mtandao ndiyo inayoanguka, na mwenye bodi anakesha akikagua msimbo usio na kosa. 

Ndiyo maana wengi husema adapta ibaki ya mazungumzo tu, bodi ipewe umeme wake. Nakubaliana nao kwa chochote chenye redio. Ila wanalisema kana kwamba chanzo cha pili hakina madhara yake, na hapo ndipo tunapoachana.

Ukiweka chanzo cha pili ukasahau kuunganisha GND (pini za ardhi, yaani hasi) za pande zote mbili, utapata herufi chafu kwenye skrini au kimya kabisa. Ukiacha na ule waya wa volti 5 wa adapta umechomekwa, vyanzo viwili vitaanza kusukumana, na kinachoumia kinaweza kuwa bodi au pachiko la laptopu. La tatu ni la kichinichini zaidi: umezima umeme wa bodi, adapta bado iko kwenye kompyuta, na TX yake (pini ya kutuma data) inavujisha umeme kuingia kwenye chipu ya bodi kupitia pini ya RX (ya kupokea). Bodi haifi, haiishi. Unaiwasha tena, haianzi upya ipasavyo, na unarudi kulaumu draiva.

Wanaotetea waya mmoja, yaani bodi ipate umeme na data kupitia adapta ile ile, kwa hiyo wana hoja. ATmega328, chipu ya bodi isiyo na redio, pamoja na taa mbili tatu hazifikii hata miliampia 100. Kuiwekea chanzo cha pili ni kujitafutia makosa bure. Sharti langu ni kwamba njia iwe safi. Habu (kigawanyi cha matundu ya USB) isiyo na chaja yake, kwa kanuni za USB 2.0, inaahidi miliampia 100 tu kwa kila tundu. Kebo nazo zinakula: ile yenye nyaya nyembamba za geji 28, urefu wa mita moja na nusu, ikipitisha miliampia 500 hupoteza takriban volti 0.3 njiani, kwenda na kurudi.

Ukipima, pima kwenye pini za bodi, si kwenye adapta, na pima wakati Wi-Fi inafanya kazi. Hata hivyo mita ya kawaida haishiki mshuko wa volti wa milisekunde chache, itakuonyesha 3.3 tulivu huku bodi inaanguka. Kwa hiyo hata ikisoma vizuri, mimi hubandika kapasita ya mikrofaradi 470, kihifadhi kidogo cha umeme, karibu kabisa na bodi, kati ya VCC (pini ya kuingizia umeme) na GND, kisha naangalia kama tabia imebadilika. Ikibadilika, draiva iacheni ilivyo.