Kilo 20 za sembe

Nimezaliwa Kibosho. Mlima Kilimanjaro nimeuona kila asubuhi ya utoto wangu, isipokuwa siku za mawingu, ambazo kwa kweli ni nyingi. Nimeuona. Sikusema nimeupanda. Kwetu mlima ni wa wageni na wa wale vijana wanaowabebea wageni mizigo. Sisi wengine tunautazama kujua kama mvua inakuja, na siku ya harusi tunaupanga nyuma ya maharusi kwenye picha.

Sasa jaribu kumweleza hayo Mmarekani.

Naendesha lori hapa Houston, Texas, huu mwaka wa tisa. Kazini tuna dereva mmoja, mzee wa miaka 66, mwembamba kama fito, ambaye kila Oktoba anaomba likizo kwenda Colorado kuwinda elk. Kama hujamwona elk, mfikirie pofu aliyejitwisha matawi ya mkorosho kichwani. Dume lake linafika kilo 300 na kupita. Siku moja tunasubiri kupakiwa mzigo, Mzee akaniuliza kwetu hasa ni wapi. Nikajibu Kilimanjaro. Uso ukamng'aa kama mtu aliyeokota pochi.

Mwenzake wa miaka yote kafanyiwa upasuaji wa goti, akasema, na mwaka huu hana mtu wa kumsaidia kubeba nyama. "Wewe umezaliwa mlimani, una mapafu ya mlimani. Bunduki na leseni ni juu yangu. Wewe njoo na miguu yako tu."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nikasema, "Mlima kwangu ni kitu cha kila siku." Maneno ambayo ukiyapima vizuri wala si uongo.

Nyumbani mambo yalikuwa tofauti. Mama watoto ni mtu wa Tanga na hana haya. "Mangi," akaniambia, "wewe ukipanda kitanda tu unahema." Nilikuwa na kilo 104. Miaka tisa ya kukaa kitako na kula vya vituo vya mafuta ilinijengea kitambi kilichokuwa kinafika kwenye usukani kabla yangu. Nilikuwa na wiki kumi za kukitoa.

Tatizo la pili ni Houston yenyewe. Mji huu uko kama meta 15 juu ya usawa wa bahari, na umelala chapati. Kuna kilima kimoja cha nyasi ndani ya Hermann Park, kilichomwagwa na binadamu, ambacho watoto hukipanda ili waviringike kushuka. Nilikwenda Jumamosi moja nimevaa raba mpya. Nilifika kileleni kabla sijaanza kutoa jasho, na njiani nilipitwa mara mbili na mtoto mmoja mwenye nepi.

Nikampigia simu mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ambaye ni mgumu. Hivyo ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, wagumu, na ukiwaona hubishi. Nilimweleza safari yangu. Kukawa kimya, nikadhani mtandao umekata.

"Kaka. Yaani umeomba likizo bila malipo ukambebee mzungu mizigo mlimani?"

"Ndiyo."

"Bure?"

"Ni rafiki yangu."

"Kaka, sisi tunalipwa!" Alicheka mpaka akamwita mwenzake aje asikilize. Alipotulia alinipa somo. Mzigo wa mpagazi kule kikomo ni kilo 20, kwa hiyo na mimi nijizoeshe kilo 20. Nitafute ngazi ndefu. Nitembee taratibu, kama mtu anayejua anakwenda kudaiwa mahari. Na kitu cha mwisho, akasema, ambacho wageni wengi hukisahau: "Kupanda ni pumzi, lakini kushuka..." Bando lake likaisha hapo. Sikupiga tena. Kushuka kuna nini cha kujifunza? Nani amewahi kusikia mtu kachoka kwa kushuka?

Kilo 20 nyumbani kwetu zilikuwepo tayari. Mama watoto hununua sembe kwenye duka la Waafrika lililo ng'ambo ya mji, mwendo wa dakika 50, kwa hiyo akienda anabeba ya miezi. Nikachukua mifuko miwili ya kilo kumi, nikaivalisha mifuko ya takataka, nikaisokomeza kwenye begi la mgongoni nililokuja nalo kutoka Bongo. Nia yangu ilikuwa kuirudisha baadaye bila mtu kujua. Unga haupungui kwa kubebwa.

Karibu na kwetu kuna jengo la kuegesha magari la ghorofa saba. Saa kumi na moja alfajiri halina mtu. Nilianza Agosti, na alfajiri ya Agosti hapa Houston ni sawa na kufunikwa blanketi lililotoka kwenye sufuria. Ngazi ni za zege, zimezibwa pande zote, hazipitishi hata upepo wa kope. Siku ya kwanza niliishia ghorofa ya nne. Nilikaa chini, nikamwona marehemu bibi, akatikisa kichwa akaondoka. Wiki ya pili nikamaliza saba. Wiki ya sita nilikuwa napiga mizunguko minane, napanda kwa miguu na kushuka kwa lifti kutunza nguvu, na mkanda wa suruali umeingia matundu matatu. Nikaanza kujiangalia kwenye vioo vya magari ya watu.

Alhamisi moja, mzunguko wa tano, begi nikaliona jepesi. Nikajisifu. Nikasema moyoni, huu sasa ndio mwili wa mtu wa Kibosho.

Lifti ikafunguka chini. Mlinzi amesimama mlangoni, tochi mkono huu, redio mkono ule. Nyuma yake sakafu ina mstari mweupe unaotoka kwenye lifti, unakatiza mbele ya magari, unaingia mlango wa ngazi. Juu ya mstari kuna nyayo, saizi 45, zangu. Ndani ya lifti, kitufe cha ghorofa ya kwanza kina alama za vidole vyeupe. Nilijitazama. Kuanzia kiunoni kwenda chini nilikuwa kama andazi kabla ya kuingia kwenye mafuta.

Akaniambia kwa Kiingereza niweke begi chini, polepole, aione mikono. Kiingereza changu cha miaka tisa kikapanda lifti kikaniacha pale. Kilichonitoka ni, "Mama yangu wee! Ni unga, kaka! Ni unga tu!"

Wewe unayesoma unajua neno unga lina kazi ngapi mjini. Kuna unga wa kupikia, na kuna ule unaowafanya vijana wa watu wasinzie wima barabarani. Mmarekani asingejua tofauti. Lakini yule bwana aliinua nyusi.

"Unga?" Kwa Kiswahili.

Nilikuja kujua baadaye kwamba ni mtu wa Bukavu, Kongo, aliyekaa Nairobi miaka sita kabla ya kuletwa Marekani. Na neno hilo, huko Nairobi, alilisikia zaidi kwa maana ile ya pili.

"Papa, weye unauzisha unga mu parkingi yangu?"

"Siuzi! Ni wa kula!"

"Unakula?"

"Wa ugali! Ugali, kaka, ugali!"

"Ugali." Aliniangalia kuanzia raba mpaka kichwani. "Na ile ugali unapeleka wapi na usiku, mu ngazi?"

"Nafanyia mazoezi ya kupanda mlima."

"Mulima gani ya Houston?"

Sikuwa na jibu. Akachutama, akachovya kidole sakafuni, akanusa, akalamba. Uso ukamlegea kama mtu aliyepata barua kutoka nyumbani. "Ah! Njo bunga. Bunga ya bukari!" Nikashusha pumzi. Nilifanya haraka, maana sura ilimgeuka tena, na safari hii alikasirika kuliko mwanzo. "Papa! Ni chakula unamwanga hivi? Batu banalala njaa, weye unamwanga bunga mu ngazi?"

Alikwenda akarudi na ufagio na kizoleo. Lifti akaifunga hadi nitakapomaliza. Nilifagia ghorofa zote saba kuanzia juu, ngazi kwa ngazi, huku njiwa wawili wakinifuata kunisaidia, na ilikuwa mara ya kwanza katika wiki sita kuteremka jengo lile kwa miguu. Nilipofika chini mapaja yalikuwa yanatetemeka kama jenereta. Nikadhani ni woga.

Mfuko mmoja ulichanika pale unapogusa mgongo, na ule wa pili, mpaka leo sijui ulitobolewa na nini, ulikuwa umeanza. Zilibaki kilo 12 hivi. Nikazimimina kwenye ndoo ya unga stoo, nikakoroga na mwiko ili usawazike, nikanyamaza. Wiki nne zilizobaki nilibeba chupa za maji.

Oktoba tukaondoka, zaidi ya kilomita 1,600 mpaka Denver. Mzee akasema tutalala pale na kwingine juu yake kidogo ili mwili uzoee, maana ukipita meta 2,500 haraka unaweza kuumwa na mlima hata kama ni kijana. Njiani, mahali fulani katikati ya Texas ambako hakuna kitu mpaka mwisho wa macho, akasema kwa upole kwamba na yeye alishaupanda Kilimanjaro zamani, kwa njia ya Marangu. Nikashika mkanda wa kiti.

"Kati ya vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo," akauliza, "wewe ulipenda kulala wapi?"

"Kibo," nikajibu. "Bafu lao lina maji moto."

Alitikisa kichwa taratibu, akaongeza sauti ya redio.

Kambi yetu ilikuwa meta 3,200, kati ya misonobari na mawe. Kule hewa ina nguvu kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani, na unaijua pale unapofunga kamba za viatu ukapumzika kati ya mguu wa kushoto na wa kulia. Kichwa kiligonga siku mbili. Kisha kuna jambo ambalo hawalitangazi: mwili ukiwa juu hutoa maji kuliko kawaida. Usiku wa kwanza nilitoka kwenye hema mara sita, kwenye barafu, nimevaa kizibao cha pinki inayong'aa. Sheria ya kule inamtaka mwindaji wa bunduki avae inchi za mraba 500 za rangi ya chungwa inayong'aa, na kofia yake. Pinki nayo inaruhusiwa. Mzee aliona hata mimi mbebaji nivae, na kwa saizi yangu duka lilikuwa limebakiwa na pinki.

Siku ya tatu alfajiri Mzee akapiga, risasi moja. Dume lilianguka huko juu mlimani, mwendo wa saa mbili. Na nasema bila aibu, nilipanda vizuri. Nilihema, lakini nilipanda, hatua ya mtu anayedaiwa mahari, na Mzee akanisifu. Tukachuna, tukakata. Nyama kule huachi, sheria inakataza, lazima mapaja, mikono na minofu ya mgongo vitoke. Nikafungiwa paja la nyuma, kama kilo 30 na mfupa wake, tukaanza kushuka.

Nusu saa tu. Mapaja yangu yakawasha jenereta lile lile, na safari hii hapakuwa na mlinzi wa kusingizia. Kila hatua goti lilitaka kukunjika kuelekea mahali ambako magoti hayakunjiki. Nikaanguka kitako, nikateleza meta kadhaa nimekumbatia gogo, paja la elk likinigonga kisogoni. Mzee akanipita na mzigo wake. Akageuka.

"Pole pole, rafiki," akaniambia. Kwa Kiswahili. Alifundishwa na vijana wa kwetu.

Mwishowe nikagundua kwamba nikigeuka kinyumenyume maumivu yanapungua. Basi nikashuka rivasi, mkono kwenye miti, natazama begani kama naingiza lori kwenye gati. Mzee akawa mbele ananielekeza kwa mikono na kupiga "piip, piip, piip." Tulipopumzika akauliza Kilimanjaro niliushuka vipi. Sikuwa na pumzi ya kutosha kusema uongo.

"Sijawahi kuupanda."

"Najua," akasema, akinipa maji. "Kibo hakuna hata bomba. Maji ya kunywa yanabebwa vichwani kutoka chini."

Nilirudi nyumbani natembea kama kaa, na kilo 25 za nyama kwenye barafu. Mama watoto alisahau kunicheka. Aliikata, akaiunga kwa nazi kama wanavyojua kwao, akasonga ugali mkubwa, tukakaa wote mezani. Watoto wakanyofoa tonge la kwanza. Binti mdogo akatafuna, akasimama.

"Mama, leo ugali umetia chumvi?"

"Ugali hautiwi chumvi, mwanangu."

"Huu una chumvi."

Mama watoto akaonja. Akaonja tena. Akainuka, akaenda stoo, nikasikia mfuniko wa ndoo ukifunguliwa. Kimya kikawa kirefu.

"Mangi!"

Nikajiongezea mchuzi.