Kibao cha "Mbwa Mkali" Hakimalizi Kesi

Mageti mengi ya Nairobi yana kibao cha "Mbwa Mkali", na wenye nyumba huamini kwamba kikishapigiliwa, atakayeng'atwa ajilaumu mwenyewe. Sheria ya Kenya kuhusu wajibu wa mwenye eneo kwa wageni, Sura ya 34, haisemi hivyo. Onyo huondoa lawama pale tu lilipokuwa la kutosha kumweka mgeni salama. Msoma mita amekiona kibao, lakini mita iko nyuma ya banda la mbwa: kimemfaa nini? Na anayeshtakiwa si lazima awe na hatimiliki. Mpangaji anayelisimamia eneo anatosha.

Hapo ubishi ni mdogo. Kazi ipo kwa aliyeruka ukuta, maana sheria hiyo inazungumzia wageni tu. "Aje kuniibia, kisha nimlipie matibabu?" Swali hilo lina uzito. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, ambako sheria yetu ilichotwa, iliwahi kulijibu kwa ukali mwaka 1929: aliyeingia bila ruhusa hadai kitu, isipokuwa umemdhuru makusudi au kwa kutojali kabisa. Marehemu katika kesi ile hakuwa mwizi. Alikuwa mtoto wa miaka minne, aliyeuawa na gurudumu la mtambo wa mgodi wa makaa.

Msimamo huo ulilegezwa mwaka 1972, kwa kesi ya mtoto wa miaka sita aliyeungua kwenye reli ya umeme. Uzio ulikuwa umebomoka, watu wameugeuza njia ya mkato, na mkuu wa stesheni alishaambiwa kuwa watoto wameonekana relini. Majaji wakasema kuna wajibu wa utu.

Wenye mali huogopa kwamba utu huo hauna mpaka. Unao. Mwaka 2003 mahakama hiyohiyo ilimkatalia kijana aliyejirusha kwenye maji mafupi ya ziwa la bustani ya umma, licha ya mabango, akavunjika shingo. Naona walipatia: mtu mzima akichagua hatari iliyo wazi, tusifungiwe ufuo sote kwa ajili yake.

Lakini nafikiria machimbo yetu ya mawe yaliyoachwa yakajaa maji ya mvua. Mwenye shamba anajua watoto huogelea pale kila likizo. Akisimika kibao, yule wa chekechea atasomewa na nani?