Kumwokoa Chura Bila Bakteria Wake

Mjadala wa kuwanusuru vyura huendeshwa kwa hesabu: wamebaki wangapi, wamezalishwa wangapi, wamerudishwa porini wangapi. Siibezi hesabu hiyo, ila naona inawaacha nje bakteria wanaoishi juu ya ngozi ya chura, ambao ni sehemu ya kinga yake, na ambao hawabaki walewale tangu anapoanguliwa hadi anapoanza kurukaruka nchi kavu.

Kiluwiluwi anapogeuka chura, hapotezi mkia tu. Homoni ya thairoidi husababisha seli za ngozi ya awali zife, na mahali pake hujengeka ngozi mpya yenye tabaka la keratini, yaani protini ngumu kama ya kucha, pamoja na tezi zinazotoa kemikali za kuua vijidudu. Kwa bakteria, hayo ni sawa na nyumba kubomolewa na kujengwa upya wapangaji wakiwa bado ndani. Ndiyo maana watafiti waliowachunguza vyura wa milima ya Cascades, huko Marekani, walikuta bakteria wa viluwiluwi wakitofautiana na wale wa vyura wazima wa spishi hiyohiyo.

Uzito wa jambo hili unatokana na kuvu iitwayo Batrachochytrium dendrobatidis, iliyoelezwa kisayansi mwaka 1999. Kuvu hii hushambulia sehemu zenye keratini, na kiluwiluwi anayo mdomoni tu, hivyo mara nyingi huambukizwa akaendelea kuishi. Ngozi ikishabadilika, kuvu husambaa mwilini, tena wakati ambapo kinga ya ndani nayo inapangwa upya. Na kwa kuwa chura hupitisha maji, hewa na chumvi katika ngozi, chumvi za damu hupungua mpaka moyo ukasimama. Tathmini ya mwaka 2019 ilihusisha ugonjwa huu na kupungua kwa spishi 501 za amfibia, 90 kati yake zikidhaniwa kutoweka kabisa.

Wapo bakteria wanaoizuia kuvu hii, kama Janthinobacterium lividum, anayetengeneza rangi ya zambarau iitwayo violaseini. Vyura wa milima ya Colorado waliofugwa kisha wakaogeshwa bakteria huyo walistahimili kuvu kuliko wenzao ambao hawakuogeshwa. Kwangu, ufugaji wenyewe hapo ndio wa kutiliwa shaka, kwa sababu ulikuwa umewapunguzia kinga waliyopaswa kuwa nayo.

Hapo ndipo namkumbuka chura wetu wa bonde la Kihansi, hapa Tanzania, aliyegunduliwa mwaka 1996, akatangazwa kutoweka porini mwaka 2009 baada ya maji ya maporomoko kuelekezwa kwenye umeme na kuvu kugunduliwa bondeni, kisha akaanza kurudishwa mwaka 2012 kutoka bustani za wanyama za Marekani. Huyu hana hata hatua ya kiluwiluwi. Mama huzaa vichura vilivyokamilika, ambavyo huko bondeni hukutana mara moja na ukoka uliolowa manyunyu, na huko ugenini hukutana na kuta za kioo.

Kwa maoni yangu, hakuna kundi linalostahili kuachiliwa kabla bakteria wa ngozi yake hawajapimwa. Kazi yenyewe si kubwa: chura husuuzwa kwa maji safi ili kuondoa bakteria wa kupita, kisha tumbo na mapaja hupanguswa kwa kijiti cha pamba, glavu zikibadilishwa kwa kila mnyama. Kwa spishi zenye viluwiluwi, kipimo kirudiwe miguu yote minne ikishatoka na mkia ungalipo, maana huo ndio muda ambao bakteria wa kumwogesha, kama watahitajika, wanapaswa kuwa tayari.