Mia tano si mia na tano

Ukikaa na wazazi wa Dar es Salaam wenye watoto wa chekechea utasikia fahari za aina mbili. Mmoja atakwambia wake anahesabu mpaka mia kwa Kiingereza. Mwingine, kwa sauti ya chini kidogo, kama anaungama, atasema wake hutumwa kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, na chenji hurudi kamili. Anayepongezwa ni wa kwanza. Sina ugomvi na daftari, ila huyu wa pili naona tunampunja.

Itazame hiyo chenji inavyorudishwa. Mtoto ana miaka sita na noti ya elfu mkononi, katumwa nyanya za mia tano na kiberiti cha mia. Mangi hatoi hesabu yoyote. Anasukuma mzigo mezani, anasema "mia sita", kisha anadondosha sarafu za mia mojamoja kwenye kiganja: "saba, nane, tisa, elfu." Amepanda kutoka bei hadi noti, na mtoto amepanda naye kwa macho na kwa vidole. Daftarini swali ni lilelile, 1,000 toa 600, lakini huko anaambiwa kwenye mamia sifuri haitoi sita, kakope kwenye maelfu. Mtoto huyu kukopa anakujua: jina la mama huandikwa kwenye daftari la madeni na mwisho wa mwezi hulipwa. Akiuliza deni la ubaoni litalipwa lini, mwalimu asimcheke.

Kuna wanaosema pesa yetu ni ngumu kwa mtoto mdogo kwa sababu namba zake ni kubwa. Sarafu ndogo inayotembea mkononi ni ya 50. Shilingi moja hajawahi kuiona, sasa atajifunzaje mia kabla ya kuijua ishirini? Hoja hiyo inasikika vizuri mpaka usikilize lugha yenyewe. "Mia mbili" imejengwa kama "vikombe viwili". Kwa mtoto mia ni kitu, kina umbo, kinalia kikianguka sakafuni. Mia mbili na mia tatu ni mia tano, kama vikombe viwili na vitatu. Anajumlisha mamia kabla hajajua mia moja ina nini ndani, na hajakosea popote.

Kinachomkwaza ni kitu kidogo zaidi, herufi mbili tu. Mia tano ni 500. Mia na tano ni 105. "Na" moja ina thamani ya shilingi 395. Mwambie mtoto aandike mia tano na usishangae akikuandikia 1005, kwani ndivyo alivyosikia: mia, halafu tano. Hapo ndipo penye somo zima la thamani ya nafasi ya tarakimu, na hapo ndipo wenye daftari wanapokuwa na haki. Duka haliwezi kumfundisha kuandika 500. Mangi hajali sifuri zimekaa wapi.

Utafiti ninaourudia kila mjadala huu unapozuka ulifanyika Recife, Brazil, ukachapishwa mwaka 1985. Watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann waliwaendea watoto watano wauzaji wa mitaani, wenye miaka 9 hadi 15, wakajifanya wateja. Mmoja aliulizwa nazi kumi, kila moja 35. Akaanza: tatu ni 105, tatu tena, 210, akatua, zikafika 315, mwisho akasema 350. Shuleni angeambiwa aongeze sifuri tu, na njia yake inaonekana ndefu. Lakini alikuwa anauza nazi tatutatu, bei ya tatu anaijua usingizini. Mitaani majibu yao yalikuwa sahihi kwa asilimia 98. Hesabu zizo hizo zilipoandikwa tupu kwenye karatasi, sahihi zilikuwa asilimia 37.

Watu hunukuu hizo mbili wakanyamaza. Kuna ya tatu, asilimia 74: hesabu hizohizo zikielezwa kwa kisa, fulani kanunua kadhaa, bila soko wala pesa mkononi. Karatasi ileile, chumba kilekile, lakini kumrudishia mtoto mnunuzi wa kufikirika kukazidisha alama maradufu. Watoto walikuwa watano tu, nakubali, na tano si nchi. Hata hivyo mwaka 2025 jarida la sayansi la Nature lilichapa kazi kubwa zaidi ya wanauchumi Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao kuhusu watoto wa masoko ya Kolkata na Delhi, India. Wauzaji walipiga hesabu za sokoni kichwani bila shida, wakakwama kwenye za shule. Na wale wa shule tu, wanaofaulu za karatasi, wakayumba kwenye za sokoni. Upande huu wa pili ndio hausemwi. Tunaogopa mtoto wa duka asiyeweza daftari. Mtoto wa daftari asiyeweza chenji tunamwita mwerevu.

Saa nayo iko hivyohivyo. Wapo wanaotaka saa ya Kiswahili iachwe kabisa kwa watoto, kisa inachanganya: mshale mfupi uko kwenye 7, mama anasema saa moja. Inachanganya siku chache, kweli. Lakini hapa kwetu tofauti ya kuchomoza kwa jua mwaka mzima haifiki saa nzima, kwa hiyo saa moja asubuhi mtoto anaiona kabla ya kuisoma: kumepambazuka, siku imeanza, hesabu inaanzia moja. Kwenye saa ya mishale dawa ni nyepesi, asome namba iliyo mkabala na mshale mfupi. Simu ndiyo haina mkabala. Inamwandikia 19:00, naye anakutangazia "saa kumi na tisa".

(Siku za wiki ndizo sizitetei. Umemfundisha Jumatatu, Jumanne, Jumatano, anasubiri Jumasita kwa hamu, unamletea Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni ya tano tena.)

Hoja nzito ya wanaokataa kutuma watoto haihusu hesabu. Barabara zina bodaboda, majirani hatujuani, na anayeishi ghorofa ya nne hamwoni Mangi kwa dirisha. Mzazi huyo simlaumu. Anaweza kwenda na mtoto, akasimama nyuma, akamwachia noti. Shida ni kwamba siku hizi mzazi mwenyewe hulipa kwa simu. Mtoto anaona kidole kikibonyeza, anasikia mlio wa ujumbe, mkate unatoka. Hakuna cha kupanda nacho kutoka bei hadi noti.

Kwangu noti za mafungu madogo huwekwa kwenye kopo juu ya friji kwa kazi hiyo tu. Juzi chenji ilipungua mia. Mtoto alipoulizwa alifungua mdomo, pipi ikiwa bado shavuni, akasema: "Nilihesabu, zilikuwa mia nne. Nikatoa moja."