Guta la Umeme Halihitaji Roboti, Linahitaji Spana

Wabunifu wa magari Ulaya wana ndoto moja wanaipenda sana: gari la umeme la vipande viwili. Chini magurudumu, mota na betri. Juu kibanda cha abiria au cha mizigo, kinachopachikwa na kuondolewa kulingana na kazi. Rinspeed wa Uswisi walionyesha la kwao, Snap, mwaka 2018. Mwaka huohuo Mercedes-Benz wakaleta Vision Urbanetic, sasa hivi basi dogo, baadaye gari la vifurushi, kibanda kikibadilishwa kwa mitambo. Picha zake zinavutia kweli. Ila mimi niko Kigoma, nawaza guta la umeme, chombo chetu cha mizigo cha magurudumu matatu, na swali langu ni dogo tu: litabadilika saa ngapi?

Maana hapa kila kitu kinataka kubebwa kwa mpigo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, mitumbwi inarudi mwalo wa Kibirizi alfajiri, na kabla jua halijawa kali mzigo unatakiwa uwe umeshapanda mtaa wa Mwanga. Saa hizohizo wanafunzi wako barabarani, mama anawahi sokoni, mtumishi anawahi ofisini. Mzigo ukija kupungua, abiria nao wamepungua. Kubadilisha bodi kila siku hakumlipi mtu, hata ungepewa hiyo mitambo ya roboti bure.

Kinacholipa ni kubadilisha kwa msimu. Mbalamwezi ikiwa kali taa za wavuvi hazivuti dagaa, mwalo unapoa. Na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu! Mwenye guta la mkopo anarejesha kwa kubeba nini? Kwangu, huyo ndiye mteja wa kwanza wa gari la vipande. Hana haja ya kubadilisha kwa dakika mbili. Akipewa alasiri moja, fundi, kijana wa kumsaidia kunyanyua na spana namba 17, yametosha. Karai la mizigo linashuka, viti na turubai vinapanda, kesho yuko barabara ya Ujiji anaita abiria.

Mafundi wetu wa kuchomelea wanaiweza kazi hiyo. Bodi ni mabomba na bati, ndiyo sehemu ya bei nafuu. Pesa iko kwenye betri, mota na kontrola (kifaa kinachoongoza umeme wa mota), kwa hiyo hizo ndizo zisilale. Wanachokosa mafundi ni kipimo kimoja: matundu ya bolti yakae palepale kwenye kila chasisi, ya mwaka huu na ya mwaka kesho, ya kiwanda hiki na ya kile. Bila hivyo, kila bodi itakuwa ya guta lake peke yake.

Betri ndiyo kipande ninachokipigania zaidi. Iwe kama mtungi wa gesi: unarudisha mtupu, unaondoka na uliojaa. Honda wanayo ya namna hiyo, ina uzito wa kilo 10 na ushee na inabeba kama kilowati-saa 1.3, mtu anaitoa kwa mkono. Lakini Better Place ya Israeli ilijenga vituo vya kubadilishia betri vinavyofanya kazi vizuri, kisha ikafilisika mwaka 2013. Gari lililoingia humo lilikuwa aina moja tu, Renault Fluence. Kampuni itakayokuja Kigoma na betri isiyoingia kwenye chombo cha mwingine, mimi siiungi mkono hata ikija na bei ya kutupa.

Kingine, mji wetu umeinuka kutoka ziwani. Wauzaji husifia kwamba mota hurudisha umeme kwenye betri gari linaposhuka mteremko. Ni kweli, ila guta letu hupanda na mzigo na kushuka tupu, kwa hiyo kinachorudi ni kidogo. Betri ipimwe kwa kupanda. Na isiwekwe chini ya karai. Anayeona shaka akasimame nyuma ya guta lililobeba dagaa wabichi: maji yanachuruzika mfululizo kwenye fremu, yanaganda na magamba kwenye nyaya, na ikifika saa nne hata ekseli inanuka.

Umeme wenyewe sina wasiwasi nao kama zamani, enzi mji huu ukiendeshwa kwa majenereta, ambapo guta la umeme lingekuwa linakula dizeli kwa mlango wa nyuma. Gridi imefika mkoani.

Wasiwasi wangu uko kwenye makaratasi. Kadi ya usajili ya TRA, mamlaka ya mapato, inaandika aina ya bodi, moja. Kubeba abiria kibiashara kunataka leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima ya mzigo si bima ya abiria. Mtu akifunga viti mwezi Mei na kuvifungua Agosti, trafiki atamsimamisha na kumwuliza mbona chombo hakifanani na kadi. Kabla ya kuagiza hata kontena moja, wahusika wakubaliane kadi iandikwe chasisi, na bodi zote mbili zikaguliwe na kuorodheshwa humohumo.