Kitengo kila kata, au vichache vilivyokamilika?

Halmashauri zinapopanga bajeti ya elimu ya msingi, elimu maalumu, yaani ya watoto wenye ulemavu, mara nyingi huja mwishoni, baada ya matundu ya vyoo na maboma yanayosubiri kuezekwa. Hapo ndipo ubishi wa siku nyingi unapoibuka. Je, tuwe na vitengo vichache, yaani madarasa ya watoto hao ndani ya shule za kawaida, vyenye bweni na walimu wa kutosha, au kila kata iwe na darasa lake, hata likiwa dogo?

Wanaotaka vitengo vichache wana hoja nzito, na ya kwanza ni mwalimu. Walimu wa elimu maalumu, wakiwemo wanaotoka Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha, hawatoshi kugawiwa kila kata. Ukimweka mmoja peke yake shule ya kijijini, siku akihama darasa limekufa. Hata asipohama, mwalimu mkuu mwenye upungufu wa walimu atampa vipindi vya hisabati darasa la nne, na watoto wa kitengo watakaa chini ya mwembe.

Kwa viziwi hoja hiyo ina nguvu zaidi. Lugha ya alama inahitaji wenzako wa kuzungumza nao. Mtoto kiziwi akiwa peke yake kati ya wanafunzi themanini wanaosikia, yupo darasani kimwili tu. Ndiyo maana shule kama Buguruni Viziwi, iliyoanza mwaka 1974, bado ina kazi kubwa. Wanaodai elimu jumuishi, yaani watoto wenye ulemavu wasome pamoja na wenzao, hupenda kutaja Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Waisome ibara ya 24 hadi mwisho: inataka wasioona, viziwi na viziwi wasioona wafundishwe kwa lugha na njia zinazowafaa, katika mazingira yanayowakuza kitaaluma na kijamii.

Upande wa pili unaanzia barabarani. Mtoto wa miaka saba mwenye ulemavu wa akili hapandi daladala mbili peke yake. Mama ndiye humpeleka, akasubiri hadi saa sita amrudishe, na genge lake la nyanya likafungwa. Elimu bila ada, iliyoanza mwaka 2016, haikugusa nauli. Bweni nalo lina gharama isiyoandikwa kwenye bajeti. Wakati wa mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, watoto walipelekwa kituo cha Buhangija, Shinyanga, wapate usalama. Uamuzi ule uliokoa maisha, lakini baadhi ya familia zilikoma kuja kuwaona watoto wao.

Kuna pia kasoro katika hesabu zenyewe, na kwangu hii ndiyo kubwa kuliko zote. Takwimu za shule zinamhesabu aliyeandikishwa. Kata isiyo na kitengo haiandikishi, basi kwenye makaratasi inaonekana haina watoto wenye ulemavu, na kwa kuwa haina, haipangiwi kitengo. Mwaka unaofuata ni vilevile. Ubainishaji wa watoto hao nyumba kwa nyumba, akiwemo mhudumu wa afya wa mtaa anayejua nani amefichwa chumba cha nyuma, ulipaswa kutangulia mchoro wa jengo.

Ndiyo maana sioni sababu ya kutumia kanuni moja kwa wote. Viziwi na viziwi wasioona wanahitaji shule chache zilizokamilika, na bweni lenye nauli ya likizo ndani ya bajeti. Wenye ulemavu wa akili na usonji wanahitaji darasa la karibu, kwa sababu sehemu kubwa ya wanachojifunza ni kuishi na watu wa mtaa wao. Wenye ulemavu wa viungo na wengi wenye ualbino hawahitaji kitengo hata kidogo. Wa kwanza wanataka njia ya mteremko na choo kinachoingilika. Wa pili wanataka dawati la mbele, kofia na vitabu vya maandishi makubwa. Kuwapeleka kitengo ni kuwatenga bila sababu na kumnyima nafasi anayeihitaji kweli.

Anayepinga atasema darasa la karibu bila mwalimu ni chumba kitupu, na hajakosea. Basi tuanze na kata chache, zile ambazo ubainishaji umeonyesha watoto wengi, walimu wapangwe wawili wawili, na mwalimu mkuu azuiwe kuwahamishia madarasa mengine. Kata jirani zipewe fedha ya bajaji ya kuwaleta watoto hadi walimu wapatikane.