Wajerumani wanaomboleza sauti, sisi tunawacheka kina Lufufu

Mwenzangu kazini hapa Ujerumani, mtu wa makamo, alinieleza juzi kwa uchungu kabisa kwamba tangu Thomas Danneberg afariki mwaka 2023, filamu za Schwarzenegger hazimkai tena moyoni. Nilidhani Danneberg ni mwongozaji. Kumbe ndiye aliyekuwa akimsemea Schwarzenegger kwa Kijerumani! Schwarzenegger ni Mwaustria, Kijerumani ni lugha ya mama yake, lakini kwa miongo kadhaa Wajerumani wamemsikia kwa koo la mtu mwingine, na koo hilohilo ndilo lililomsemea Sylvester Stallone. Danneberg akastaafu kwa sababu ya afya. Picha ya roboti muuaji, Terminator, iliyotoka mwaka 2019 ikaja na sauti ngeni, na mwenzangu anasema alitoka ukumbini akiona kama ameuziwa mtu mwingine.

Nilifurahi kumsikia. Mtu mzima, mhandisi, anaomboleza sauti ya kwenye filamu bila haya yoyote. Halafu njiani kurudi nyumbani furaha ikageuka hasira, maana nilimkumbuka Lufufu, mtafsiri wetu wa filamu.

Wa rika langu hamhitaji kuelezwa. Kapteni Derek Mukandala, Lufufu, sauti iliyotulea kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video. Na baada yake wakaja wengine wengi, na kwa jirani zetu Wakenya yupo DJ Afro. Sasa niambieni, ni lini mlimsikia mtu wa heshima zake akisema hadharani kwamba anawapenda hawa watu? Ukitaja filamu ya kutafsiriwa mbele ya wasomi wetu, wanakutazama kana kwamba umetema mate sebuleni. "Hizo za vibandani." Basi, mazungumzo yamekwisha.

Najua mtakachosema: huyu kakaa Ulaya kidogo, ameshaanza kutulinganisha na Wazungu. Hapana, nisomeni vizuri. Ninachosema ni kwamba watu wetu wanafanya kazi ngumu kuliko ya Danneberg, na sisi ndio tunaoikana.

Fikirieni kazi yenyewe. Hapa kila mhusika ana msemaji wake, kuna muswada uliotafsiriwa na kupimwa ulingane na midomo, kuna mwongozaji anayesimamia studio. Kwetu ni mtu mmoja na maiki. Yeye ndiye steringi, ndiye adui, ndiye mama anayelia, na bado anapata nafasi ya kukueleza ni kwa nini analia. Hana muswada. Ana masikio yake, akili yake na Kiswahili chake.

Kazi hiyo inazidi ugumu kwenye picha za kubuni za kisayansi. Picha ya ngumi inajieleza. Hata umeme ukikatika katikati, ukirudi unajua nani anampiga nani. Lakini ile Terminator ya kwanza, ya mwaka 1984? Roboti limetumwa kutoka mwaka 2029 lije kumuua mwanamke ambaye mtoto wake, asiyezaliwa bado, ndiye atakayewaongoza binadamu kupigana na mashine. Mtoto huyohuyo, huko mbele, anamtuma askari wake arudi nyuma kumlinda mama, na askari huyo ndiye anayekuja kuwa baba yake. Baba amezaliwa baada ya mwanawe! Haya, lieleze hilo kwa Kiswahili, papo kwa papo, kwa umati uliojazana kwenye mabenchi, huku risasi zinalia na Kiingereza kinanguruma chini yako.

Na walilieleza. Nakumbuka mtafsiri akituambia taratibu kwamba tunachokiona sasa ni kumbukumbu za askari za mambo ambayo hayajatokea. Kibanda kizima kikalipuka. Mmoja akadai kwamba roboti likifanikiwa kumuua mama, huko mbele kutakuwa hakuna sababu ya kulituma, na kama halikutumwa basi mama hajafa. Mwingine akapinga. Wengi wetu tulikuwa bado shule ya msingi, tunabishana jambo ambalo wanafalsafa wanaliandikia vitabu, na tulibishana kwa sababu kuna mtu alikuwa ametufungulia mlango kwa lugha yetu. Hapa watu wanatazama kimya mpaka majina ya mwisho, wanavaa makoti, wanaondoka. Ubishi wanauhamishia kwenye intaneti, na huko wanakuwa wakali mno.

Wapo watakaosema Lufufu alikuwa anaongeza chumvi, anaharibu kazi ya watu. Hoja hii inaniudhi kuliko zote. Mnajua Wajerumani walifanya nini na Star Trek, ile tamthilia ya Kimarekani ya safari za angani? Mwaka 1972 televisheni ya taifa ya ZDF ilianza kuionyesha. Kuna kisa ambacho Spock anashikwa na hamu ya kimaumbile ya kujamiiana inayowapata watu wa sayari yake, lazima arudi kwao akaoe, la sivyo atakufa. Wakaona hilo halifai kwa watoto. Wakaligeuza ugonjwa, homa ya angani, na pambano lake na kapteni wake wakalifanya kuwa ndoto. Ndoto! Walibadilisha hadithi yenyewe, si maneno mawili matatu. Hakuna aliyesema Wajerumani ni washamba. Mashabiki wao leo wanakisimulia kisa hicho kama sehemu ya historia ya filamu nchini mwao. Na kazi ya Lufufu imechunguzwa na kuandikiwa kitaaluma na nani? Na Matthias Krings, profesa wa Chuo Kikuu cha Mainz, hukuhuku Ujerumani. Niliposikia hilo nilijivunia na kuona aibu kwa pamoja.

Kuhusu hakimiliki, ndiyo, hapo mna haki. Mikanda mingi ilitafsiriwa bila ruhusa ya mwenye mali, na hata mtafsiri mwenyewe aliibiwa kazi yake na wadurufishaji. Silitetei hilo. Lakini hilo ni tatizo la mikataba, na mikataba inaandikika. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili, kihalali kabisa, na nyumba ngapi zilikuwa zinaisubiri saa ifike? Kama visa vya wakwe wa Beijing viliweza kuja kwa Kiswahili kwa njia iliyonyooka, kwa nini chombo cha angani kishindwe? Kituo kimoja kikinunua haki za filamu moja ya zamani, kimpe mtafsiri mmoja wa vibandani maiki na mkataba, na jina lake liandikwe kwa herufi zilezile za waigizaji. Tena wasimfungie studio na kumwamuru afuate midomo tu. Yale maelezo anayochomeka katikati ndiyo ufundi wenyewe.

Na wewe unayesema watoto wasikilize Kiingereza ndipo waelewe sayansi, nenda katazame nani anatengeneza mitambo ninayoihudumia kila siku. Wengi wa wenzangu hapa walikua wakimsikia Spock kwa Kijerumani tu, na walipoitaka fizikia waliisoma kwa Kijerumani. Kiingereza walijifunza baadaye, wanakizungumza kwa lafudhi nzito, na hakuna anayewauliza kwa nini.